Besi Iliyopotea kwa Baba Mkubwa

Harufu ya gundi ya viatu hunitia ukali. Kazini hawajui. Karibu na geti tunaloingilia, huku Chimwaga, kuna fundi viatu anayefungua kopo lake asubuhi na mapema, na nikipita hapo hewa ikiwa bado na ubaridi, ile harufu tamu inayouma puani inanishika, na mimi mtu mzima, mama wa watoto, hujikuta nimekunja ngumi. Fundi mwenyewe hana kosa, tena hunisalimia vizuri. Hasira yangu ni juu ya baba yangu mkubwa, Shabani, ambaye amekwisha kuzikwa, na watu husema aliyezikwa asisemwe. Mimi nitamsema. Ninyi wa rika langu mliokulia miji hii ya vumbi, mliowahi kuona ndugu za baba wakiingia na pikapu baada ya msiba, mtanielewa.

Nyumba yetu ilikuwa Miyuji, vyumba viwili na baraza, na ilinuka gundi hiyo mwaka mzima. Baba alikuwa dereva wa lori la alizeti. Madereva wenzake walirudi safari na kuku, asali, au mkaa juu ya mzigo. Baba alirudi na spika mbovu. Alizitoa kwenye kumbi zilizofungwa, kwenye baa zilizokufa, kwenye stoo za watu waliokuwa wanatafuta mahali pa kuweka mahindi. Zilikuja na viota vya panya ndani. Koni zake, ile karatasi nyeusi ya katikati inayotetemeka, zilikuwa zimechanika, na sponji ya ukingoni ilikuwa imeoza kiasi kwamba ukiigusa inabaki kidoleni kama masizi.

Kazi waligawana bila kuambiana. Baba alishika mbao: alizipiga msasa, akaziba nyufa, akaviunga viungo vilivyolegea, akajaza sufi ya mito ya zamani ndani ya makasha ili sauti isigonge kuta na kurudi. Mama alishika sauti. Alikata sponji mpya kwa wembe, akaipaka gundi, akaibandika kuzunguka koni kwa ncha za vidole, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Alizikata nyaya kuukuu akaweka nene zaidi, akabadilisha vile vidude vidogo vinavyogawa sauti nene huku na nyembamba kule. Kisha aliinama na kusikiliza. Mama ni Msandawe wa upande wa Kwa Mtoro, na lugha ya kwao ina midoko, ulimi unaalika kwenye kaakaa, na maneno mawili yanaweza kutofautiana kwa mwaliko mdogo ambao sisi wengine hatuusikii kabisa. Baba, Mrangi wa Kondoa, aliishi naye miaka yote bila kujua kuutamka. Alikuwa akisema, "Mimi natengeneza kabati. Spika anatengeneza mama yako." Watu walidhani anatania. Waliokuja kusifu walimsifu yeye.

Zilikuwepo mbili kubwa kuliko zote, pacha, za mbao ya mninga, zilizonifika kidevuni. Baba alizitoa kwenye ukumbi wa zamani uliokuwa unabomolewa. Walizihangaikia kiangazi kizima. Spika zilipokuwa tayari, Baba alizipanga ukutani, akawasha amplifaya, na chai iliyokuwa mezani ikaanza kufanya viduara kikombeni. Aliniwekea kiganja kifuani. "Umesikia hiyo?" akaniuliza. "Hiyo haisikiwi kwa masikio." Mama alikuwa ameegemea mlango, anacheka bila sauti. Sina kumbukumbu nyingine ya wao wawili iliyo kamili kama hiyo.

Baba alikufa kwa malaria iliyompanda kichwani, akiwa safarini. Aliletwa nyuma ya lori lake mwenyewe.

Mama akaingia eda. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu hukaa ndani muda wake wote, hatoki, hajitokezi kwa wanaume ovyo. Baba Mkubwa alijua hivyo vizuri. Yeye ndiye mkubwa wao, mfanyabiashara wa nafaka, mwenye pikapu, na ndiye aliyekuwa anaongoza kila kikao cha mirathi, yaani alikaa mwenyewe, akaamua mwenyewe. Alikuja na vijana wake mchana, Mama akiwa nyuma ya pazia. Wakabeba baiskeli. Wakabeba cherehani, ambayo Mama alikuja nayo kutoka kwao. Wakabeba zile spika za mninga na amplifaya.

"Shemeji," Mama alisema kutoka nyuma ya pazia, "hizo spika ni za mtoto. Marehemu alisema ni za mtoto."

Baba Mkubwa akasimama katikati ya chumba. Akaalika ulimi wake, tok, tok, tok, kama mtu anayeita kuku. Vijana wakacheka. "Sema Kiswahili, shemeji," akasema. "Sikuelewi."

Mama alikuwa amesema Kiswahili. Kiswahili kizuri kuliko chake.

Niliona pazia likitulia, nikaona vidole vya miguu yake chini ya pindo, vimejikunja. Nilikuwa mdogo, meza ikinifika kifuani, lakini siku ile nilijifunza kumchukia mtu kwa utulivu, bila kulia, kama unavyojifunza kuhesabu. Madrasa, baada ya dua za wote, niliongeza ya kwangu. Nilimwomba Mungu amfupishe Baba Mkubwa miguu. Sikutaka afe, nilitaka awe mfupi na kila mtu amwone.

Kisha nikasikia neno lililoniharibia usingizi. Pale bombani, jirani yetu Mama Neema alikuwa akizungumza na mwenzake, wakinisahau. "Shabani atamrithi tu yule mama," akasema. "Anangoja eda iishe. Nyumba ile anaitaka." Mimi neno kurithi nilikuwa nimelishuhudia kwa macho yangu. Kurithi ni pikapu kuja kinyumenyume hadi barazani, vijana wawili kushika huku na huku, kamba kukazwa. Nikaelewa kwamba Mama naye atapakiwa. Nilimwona kabisa kichwani mwangu, amekaa juu ya pikapu katikati ya cherehani na baiskeli, kamba imepita kiunoni, anatazama nyuma. Kila gari lililopunguza mwendo karibu na kwetu lilinifanya nikimbilie mlango.

Eda iliisha, Mama akaanza kutafuta riziki. Aliweka meza barazani, akatengeneza redio za watu, spika za msikitini, spika za kanisani kwa kina Mama Neema. Ile gundi ikarudi kunuka. Na Baba Mkubwa akafungua ukumbi wa sherehe njia ya kwenda Mkonze, akaziweka zile spika zetu pembeni ya jukwaa, bega kwa bega, akazipaka rangi nyekundu. Watu walisifia muziki wake Dodoma nzima. Maharusi walikuwa wakipanga tarehe kwa kufuata nafasi ya ukumbi ule. Alikuwa akisema mbele za watu, "Hizi nimezitengeneza mimi na marehemu mdogo wangu."

Lakini ukizilazimisha spika za zamani zipige kelele kila wiki, na vumbi letu hili jekundu likiingia, zitakushinda. Zikaanza kukoroma. Mafundi wa mjini wakazipapasa, zikakoroma zaidi. Basi mchana mmoja nikasikia pikapu inakuja kinyumenyume hadi barazani, kama nilivyojua kwamba itakuja.

Nilisimama mlangoni, nikatanua mikono, nikashika miimo miwili. "Mama haendi!" nikapiga kelele. "Haendi!"

Baba Mkubwa alishuka akinitazama, halafu akacheka, meno yote nje. "Nani kasema anaenda?" akasema. Akanipapasa kichwa. "Bado."

Hilo "bado" ninalisikia mpaka leo.

Mama alitoka ndani akiwa amejitanda khanga. "Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, shemeji. Nimekuletea wagonjwa. Nasikia mikono yako ni mizuri." Vijana wakazishusha. Rangi nyekundu ilikuwa imebanduka, mninga ulionekana chini yake kama goti lililochubuka. "Mambo haya tutayamaliza kifamilia. Sisi ni kitu kimoja. Tena muda si mrefu tutakuwa kitu kimoja zaidi."

Nilingoja Mama aseme. Nilitaka amtemee mate. Badala yake alimvutia kiti cha Baba, kile cha kamba ambacho hakuna aliyekuwa amekikalia tangu msiba, akaenda kuchemsha chai ya tangawizi. Baba Mkubwa alikunywa huku akitazama dari, ukuta, mabati, polepole, kama mtu anayepima shamba. "Nyumba hii inahitaji mwanamume," akasema. Na Mama, mama yangu, akatabasamu akasema, "Mungu ndiye anajua, shemeji. Wiki ijayo zitakuwa tayari."

Sikuongea naye. Nilikula nikiwa nimempa mgongo. Alinisuka nywele nikakaa kama gogo. Nilikuwa nimemhukumu: amekubali, anamtengenezea mahari yake mwenyewe. Kila alipoinama juu ya zile koni, akiondoa gundi mbaya ya wale mafundi kwa spiriti na kipande cha pamba, akizibonyeza kwa vidole kumi kuona kama zinapanda na kushuka sawa, niliona mapenzi kwa Baba Mkubwa. Hivyo ndivyo nilivyoona. Alibandika sponji mpya. Alizungusha koili mpya kwa mkono, waya mwembamba kama unywele, bila kukosea. Alikwangua ile rangi nyekundu yote akapaka mafuta ya nazi mpaka mninga ukang'aa. Hakuwahi kuzifanyia vizuri hivyo hata Baba alipokuwa hai.

Basi nikaenda kwenye migunga nyuma ya nyumba, nikachuma miiba, ile mirefu myeupe. Nilichagua iliyo imara. Mama alipokwenda bombani nikazikaribia spika. Nilikuwa nimeshaweka ncha ya mwiba katikati ya koni, na nilikuwa nalitaja jina la Baba Mkubwa kwa sauti, ndipo mkono ukanishika kifundo cha mkono.

Sikumsikia akirudi. Ndoo yake ilikuwa imebaki nje. Nilidhani atanichapa. Alichukua miiba yote mkononi mwangu, mmoja mmoja, akaiweka mezani.

"Unataka kumtoboa?" akauliza.

"Ndiyo."

"Ukitoboa ataona tundu. Akiona tundu atajua ni mtu. Ataziba, atakuja kukupiga, atapata cha kusema." Akakaa chini, akanivuta nikae mbele yake. Uso wake sikuwa nimewahi kuuona vile. Ulikuwa umetulia kabisa, na macho yake yalikuwa yanawaka. "Mimi sitaki aone tundu, Zaina. Nataka atafute mpaka azeeke."

Akachukua betri ya tochi na vipande viwili vya waya. Akagusisha kwenye spika ya kwanza. Koni ikaruka mbele, puk. "Umeiona? Imetoka nje." Akaenda ya pili, akagusisha vilevile. Puk, nje. "Hivi ndivyo Baba yako na mimi tulivyoziweka. Zikitoka, zinatoka zote. Zikiingia, zinaingia zote. Zinasukuma hewa pamoja, ndiyo maana kifua chako kinasikia." Kisha akageuza nyaya mbili za spika ya pili, waya wa kushoto akauweka kulia. Akagusisha betri. Koni ikazama ndani.

"Sasa hii ikitoka, ile inaingia," akasema. "Hii ikisukuma, ile inavuta. Zitamezana. Ukiwasha moja peke yake, nzima. Ukiwasha nyingine peke yake, nzima. Ukiziwasha pamoja, bega kwa bega kama anavyoziweka yeye, besi haipo."

"Inakwenda wapi?"

"Haiendi popote. Inakufa hapohapo."

Nilitazama zile nyaya mbili. Nilikuwa bado sijaelewa yote, ila nilielewa uso wake. Nikamrukia shingoni. Alinuka gundi na jasho. Akanionya sikioni, "Ukisema, hata kwa Neema wa jirani, umeniuza." Akafungua kasha, akageuza nyaya ndani kabisa, akaziunga kwa risasi ya kuyeyusha, akarudisha sufi yote, akafunga skrubu na kuzipaka gundi juu. Alipokuwa anafunga alikuwa akisema maneno kwa Kisandawe, midoko yote inaalika, na sikumwuliza maana yake.

Baba Mkubwa alizijaribu palepale barazani, moja baada ya nyingine, kwa kuwa amplifaya ndogo ambayo Mama alijaribia vifaa vya watu haikubeba zote mbili. Alifurahi mpaka akapiga makofi. "Shemeji, wewe ni dhahabu! Mwezi ujao nakuja na wazee." Mama akainamisha kichwa.

Harusi ya kwanza ukumbini kwake baada ya hapo ilikuwa ya mtoto wa jirani, na tulialikwa. Ilikuwa mchana, jua la Dodoma linapiga mabati, ukumbi umejaa. Nilikaa mbele kabisa, pilau mapajani, moyo unakwenda mbio kuliko wa bibi harusi. Muziki ukawashwa. Ulikuwa mwembamba. Sijui niueleze vipi: kila kitu kilikuwepo, sauti ya mwimbaji, gitaa, kayamba, lakini ulikuwa kama muziki unaotoka kwenye kopo nyumba ya tatu. Watu waliinuka kucheza, wakachezacheza, wakatazamana, wakakaa. Baba Mkubwa akapandisha sauti. Ukazidi kuuma masikio, ila kifuani hakuna kitu. Mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Shabani, muziki umefunga swaumu leo?" Ukumbi ukaangua kicheko.

Nilimtazama Baba Mkubwa akitoka jasho, akichungulia nyuma ya spika, akizima hii, akiwasha ile. Hii peke yake inanguruma vizuri. Ile peke yake inanguruma vizuri. Anaziwasha zote, besi inakufa. Nilikula pilau yangu yote. Sijawahi kula pilau tamu kama ile.

Alileta fundi, fundi akapima moja moja, akasema nzima. Akaleta mwingine. Akanunua amplifaya kubwa, ikaungua. Hakurudi kwa Mama, kwa sababu mwenyewe alikuwa amezisikia zikinguruma barazani kwetu na kupiga makofi mbele ya watu. Maharusi wakaanza kwenda kumbi nyingine. Na kwenye sherehe mojawapo mshereheshaji, kijana mwenye mdomo, alishika maiki akasema kwa utani, "Ndugu wageni tuvumilieni, labda mwenye spika zake huko aliko hajaridhika." Watu wakacheka. Baba Mkubwa hakucheka. Mama Neema, aliyekuwepo, alituambia kwamba alishika ukingo wa jukwaa kama mtu aliyepigwa.

Mji wetu haujui kuliacha jambo kama hilo. Wiki haikuisha kila mtu alikuwa anasema: alimpora mjane akiwa edani, marehemu ameondoka na besi yake. Mama hakusema neno hata moja la hayo. Hakulazimika. Alitengeneza redio zake barazani, na mtu akimwuliza alijibu, "Mimi nitajuaje?"

Wazee wa posa hawakuja. Alikuja Baba Mkubwa na shehe, na pikapu nyuma yao. Zikashuka spika na amplifaya yake, ikashuka cherehani, ikashuka baiskeli, hata sufuria ambayo tulikuwa tumeisahau. Shehe alizungumza taratibu juu ya mali ya yatima na jinsi inavyomuunguza aliyeila. Baba Mkubwa alikuwa amekonda. Alisimama barazani, hakuthubutu kukaa kwenye kile kiti.

"Shemeji," akasema, "nisamehe."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, si nyuma ya pazia. "Nimesikia, shemeji," akasema. "Kwa upande wangu nimesikia. Wa chini sijui."

Nilimwona akitazama ardhi chini ya miguu yake. Nikafurahi sana. Nilikuwa mtoto na nilifurahi kama mtu mzima anavyofurahi, kwa kujua kabisa kinachomuuma mwenzangu ni nini.

Walipoondoka Mama alifungua kasha, nikamshikia bisibisi, akarudisha nyaya mahali pake. Tukawasha kidogo kidogo, kwa sauti ya chini, maana mtu akisikia angepeleka habari Mkonze. Hata kwa sauti ya chini besi ilisikika sakafuni. Lakini zikabaki hivyo, za chini, mwaka baada ya mwaka. Hatukuzifungulia kamwe kama Baba alivyozifungulia siku ile ya chai. Hiyo ndiyo ilikuwa gharama, na sijawahi kumsikia Mama akiilalamikia.

Nikakua, nikasoma, nikapata kazi, nikaolewa. Baba Mkubwa akauza ukumbi, akazeeka kwake Mkonze, mwisho akapooza miguu. Ndiyo, miguu. Sisemi kitu juu ya hilo. Mama, na hili lilinishangaza, alikuwa akimpelekea tende kila Ramadhani, kimyakimya, kwa mkono wa mtu.

Mwaka wa mwisho wa uhai wake aliniita. Nilimkuta kitandani, mdogo, macho makubwa, dirisha limefungwa. Nikamwamkia, nikakaa, nikaletewa chai. Alizungumza hili na lile, mvua, zabibu zimeharibika, halafu akanishika mkono.

"Zaina, mwanangu. Nimemsomea baba yako khitma kila mwaka. Kila mwaka. Wewe ni damu yake. Unaota ndoto zake. Niambie, amenisamehe?"

Jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Lilikuwa jepesi: nyaya mbili, Baba Mkubwa, hakukuwa na mtu wa kaburini, lala salama. Niliutazama ule mkono: siku ile ya pazia, alipokuwa akimwalikia Mama ulimi, alikuwa pia akichezesha vidole vyake, kama mtu anayewamwagia kuku mtama. Nikamaliza chai yangu.

"Sijui, Baba Mkubwa," nikasema.

Nilimweleza Mama jioni ileile, nikitarajia tucheke. Hakucheka. Aliweka chini koni aliyokuwa anaipangusa. "Hilo jibu halikuwa lako kulitoa," akasema. "Lilikuwa langu." Asubuhi alijitanda akaenda Mkonze, mwanamke aliyekuwa hajakanyaga nyumbani kwa mtu yule tangu msiba wa Baba. Nilimngoja barazani siku nzima. Niliogopa amekwenda kuomba radhi. Niliona aibu kwa ajili yake kabla hajarudi.

Alirudi alasiri, akavua viatu, akaketi.

"Nimemwambia," akasema. "Nyaya, betri, yote."

"Akasemaje?"

"Kwanza alilia. Akasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, mara nyingi. Nikamhurumia, Zaina. Wallahi nilimhurumia. Nikawaza, mwanamke, umemwonea huyu mzee miaka yote hii." Akajipangusa uso kwa ncha ya khanga. "Halafu akafuta machozi, akaniuliza kama bado zinalia vizuri. Nikamwambia zinalia. Akasema, basi zirudishwe, zile ni mali ya ukoo, nilizirudisha kwa kudanganywa."

Nikageuka kuzitazama kupitia mlangoni, zimesimama ukutani.

"Nikamwambia nimesikia," Mama akasema. Akajinyoosha kwenye mkeka palepale barazani, akaweka mkono chini ya shavu. "Tende nilikuwa nampelekea kwa sababu nilikuwa nalala vibaya. Sasa sitampelekea tena."

Akafumba macho. Jirani mmoja alipita akataka kumsalimia, nikamwonyesha kidole mdomoni. Jua lilizunguka baraza, nikasogeza mkeka taratibu kufuata kivuli, yeye yumo juu yake, na hakuamka mpaka adhana ya magharibi.